Kamera ya sikio ya simu: nzuri kwa kutazama, hatari kwa kuchokoa

Kwenye maduka ya vifaa vya simu pale Ngamiani, katikati ya chaja na kava, siku hizi linaning'inia boksi jembamba lenye picha ya sikio. Ndani mna kijiti mfano wa kalamu. Nchani kina kioo kidogo kilichozungukwa na taa, na upande wa pili kinaungana na simu. Ukikiingiza sikioni unaona kwenye skrini kile ambacho zamani alikuwa anakiona daktari peke yake. Wauzaji wanakinadi kuwa ni kifaa cha kutolea nta, ndiyo maana kimefungashwa na vijiko vya plastiki laini. Sisi tunakipa alama mbili: kwa kutazama, 4 kati ya 5. Kwa kuchokoa, 0.

Jina la kampuni halina uzito hapa. Bidhaa hizi ni kama Tanga yenyewe inavyosemwa, waja leo waondoka leo: boksi la wiki hii wiki ijayo lina jina lingine, na kilichomo ni kilekile. Kinachotofautisha ni namna kamera inavyozungumza na simu. Ya waya inachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la chaji la simu ya Android, mradi simu iwe inakubali OTG, yaani uwezo wa kusoma kifaa kilichochomekwa kwenye tundu lake. iPhone zenye tundu la zamani kwa kawaida haziisomi. Ya Wi-Fi ina betri yake na inarusha mtandao mdogo ambao simu inaukamata. Ya waya haina betri ya kuisha na picha yake haichelewi. Ya Wi-Fi huchelewa kidogo: mkono umeshasogea, skrini bado inaonyesha ulipokuwa. Kwa anayetazama tu si neno. Kwa aliyeshika kijiko, ucheleweshaji huo ndio unaotoboa ngoma ya sikio.

Lalamiko kubwa la ya Wi-Fi ni skrini nyeusi, na watu huirudisha dukani ikiwa nzima. Simu imegundua kwamba mtandao ule hauna intaneti, ikarudi kimyakimya kwenye bando. Zima data, unganisha upya, simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti kubali, ndipo ufungue programu. Programu ikiomba ruhusa ya eneo, ipe, maana Android huihitaji ili kutafuta Wi-Fi. Ikiomba namba za watu uliowahifadhi, ikatalie. Sikio halina haja nazo.

Kabla ya kulipa, fungua boksi palepale. Soma kipenyo cha ncha: milimita 3.5 hadi 3.9 zinatosha mtu mzima, zaidi ya hapo zinakwaruza. Soma umbali wa kuona vizuri, kwa kawaida sentimita 1.5 hadi 2, kisha shika ncha umbali huo juu ya gazeti. Herufi ndogo zisomeke bila ukungu, na zisiwe zimegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Halafu elekeza kwenye karatasi nyeupe. Hiki ndicho kipimo wanachokiruka wengi, nacho ndicho muhimu kuliko vyote: karatasi ikionekana ya waridi au ya manjano, rudisha. Kamera inayopaka rangi itakuonyesha kila sikio ni jekundu, na wekundu ndiyo habari yenyewe utakayokuwa unaitafuta. Maneno kama “megapikseli 5” yaliyoandikwa juu yasikushughulishe. Nyingi ya picha zinazohifadhiwa ni ndogo kuliko zinavyotangazwa, na kwa kazi hii zinatosha.

Kuhusu hali yetu ya hewa: kioo kikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikaingia sikioni, kinashika ukungu papo hapo. Washa taa, acha dakika moja au mbili ncha ipate joto, pangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti ya asilimia 70, ndipo uingize. Usiizamishe kwenye spiriti, maana hata zinazodai kuzuia maji huingiza unyevu kwenye ungio la kioo. Na taa zile hupata moto, kwa hiyo kila sikio lisizidi dakika mbili au tatu.

Kushika na kutazama

Anayetazamwa aketi, kichwa kimeegemea ukuta. Anayetazama aweke kiwiko mezani na ubavu wa kiganja ushike shavu la mwenzake, ili kichwa kikishtuka mkono uende nacho. Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, kwa mtoto mdogo vuta chini na nyuma. Mfereji wa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 2.5. Ukiingia sentimita 1 hadi 1.5 unaiona ngoma yote, na hakuna sababu ya kuendelea. Watoto wengine watoke chumbani. Kiwiko cha mtu wa tatu kinatosha kuleta ajali.

Theluthi ya nje ya mfereji ni gegedu yenye vinyweleo na nta. Theluthi mbili za ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ukiigusa kwa kijiko inavuja damu na kuuma kuliko ulivyotarajia. Wengine hukohoa ghafla wakiguswa ukuta wa mfereji. Si mafua: kuna tawi la neva ya koo na kifua linalopita hapo, linaitwa neva ya Arnold. Likariri jina hilo, tutalirudia.

Ngoma isiyo na ugonjwa ina rangi ya kijivu cha lulu, inapitisha nuru kidogo, upana wake milimita 9 au 10. Tafuta kwanza mkono wa kimfupa cha nyundo, mstari mweupe unaoshuka kutoka juu hadi katikati. Chini yake kuna pembetatu ya mwanga: kwa sikio la kulia iko kwenye namba 5 ya uso wa saa (mshale ambao sisi tunauita saa kumi na moja), kwa la kushoto namba 7. Kijiti ukikizungusha picha nayo huzunguka, kwa hiyo usianze na pembetatu. Anza na nyundo ujue juu ni wapi.

Nta ikiwa imejaa, kamera imemaliza kazi yake. Matone ya mafuta ya zeituni yaliyopashwa joto la mkono, mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi tano, kisha kituo cha afya wapige maji. Hiyo ni kwa ngoma ambayo haijawahi kutoboka tu. Ukiona tundu au usaha, usitie kitu chochote, na usikubali kupewa matone ya gentamaisini dukani bila daktari. Kupitia tundu dawa hiyo inaweza kufika sikio la ndani na kuua usikivu.

Picha nyekundu

Hapa ndipo kamera hii inapostahili zile alama 4, na hapa ndipo inapoweza kumponza mtu.

Ngoma inaweza kuwa nyekundu kwa sababu za kawaida. Maambukizi huja na maumivu na homa, na ngoma yote huvimba kuelekea nje. Damu iliyojikusanya baada ya kofi au ajali ni ya zambarau au nyeusi. Mtoto aliyelia dakika kumi naye ana ngoma nyekundu, basi mwache anyamaze kwanza. Lakini kuna wekundu wa namna nyingine: hakuna maumivu, hakuna homa, ngoma yenyewe ni safi na angavu, na nyuma yake, sehemu ya chini, kumekaa kitu cha mviringo chekundu au cha waridi iliyokolea, ukingo wake wa juu umepinda kama jua linalochomoza baharini alfajiri. Mwenye sikio anakwambia linamvuma, na mvumo unafuata mapigo ya moyo: dum, dum, dum, zaidi akilala usiku, zaidi akipanda ngazi.

Rekodi video ya sekunde 20 kijiti kikiwa kimetulia, huku mtu mwingine ameshika mapigo ya mkononi na anahesabu kwa sauti. Kile kitu kikidunda sambamba na hesabu, umeona jambo ambalo madaktari wengi hawalioni mara nyingi kazini. Angalizo: mkono wako nao una mapigo. Kama picha yote inatikisika, pamoja na kuta za mfereji, ni mkono. Kama kuta zimetulia na kile kitu peke yake kinadunda, ni chenyewe. Na kutodunda hakukisafishi, maana si vyote hudunda kwa kuonekana.

Uvimbe huu huitwa paraganglioma. Jina la zamani, ambalo bado linatumika sana, ni glomasi. Unaota kutoka kwenye vijifundo vidogo vya seli vilivyojipanga kando ya neva mbili ndani ya mfupa wa panja, ule mfupa wa fuvu unaobeba sikio: neva ya Jacobson, na ileile ya Arnold inayokohoza watu. Guild alivieleza vijifundo hivyo mwaka 1941, na mwaka 1945 Rosenwasser akaeleza uvimbe unaotokana navyo. Umejaa mishipa ya damu kama sifongo iliyolowa. Mara nyingi sana si saratani, na hukua polepole, wastani wa milimita 1 hivi kwa mwaka. Lakini hukua ndani ya mfupa ambao hauna nafasi ya ziada, na jirani zake ni mshipa mkuu wa damu unaopanda ubongoni, mshipa mkuu unaoshuka kutoka ubongoni, neva ya uso, na neva za kumeza na za sauti. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 40 na 60.

Ni nadra. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 kwa kila watu milioni 1.3 kwa mwaka. Mkoa wa Tanga ulihesabiwa watu milioni 2.6 kwenye sensa ya 2022, na kwa hesabu hiyo tungetarajia wawili kwa mwaka, mkoa mzima, kuanzia Lushoto hadi Pangani. Kwa hiyo ukiona wekundu, uwezekano mkubwa bado ni jambo jingine. Tunaandika kirefu kwa sababu ya kosa moja linaloweza kumuua mtu kati ya hao wawili.

Kosa lenyewe ni kuugusa. Mtu anaona “jipu” nyuma ya ngoma na analitoboa, au anaona “nyama” iliyotokeza mferejini na anaikata kipande kwa ajili ya kipimo. Kinyama kinachotokeza mferejini baada ya uvimbe kuitoboa ngoma hufanana kabisa na vile vinyama vya sikio linalotoa usaha miaka mingi, na ukikivuta damu inatoka kwa mkupuo usiozimika kwa pamba. Wakati mwingine si uvimbe kabisa: ni ateri kuu ya shingo iliyopita mahali isipostahili kupita, na kwa kamera vinafanana. Vena iliyopanda juu kuliko kawaida nayo huonekana hapohapo, ila yenyewe ina rangi ya samawati. Ndiyo maana kanuni ni moja: chochote chekundu au cha samawati nyuma ya ngoma hupigwa CT scan kabla sindano haijakikaribia. Vijiko vya plastiki laini vinahesabika kama sindano.

Kamera isichoweza

Ngoma safi haimwachii huru mwenye mvumo. Uvimbe ulioanzia chini, kwenye tundu la fuvu ambamo vena kuu inatokea, unaweza kukaa miaka bila kuonekana nyuma ya ngoma. Anayesikia mapigo ya moyo sikioni, upande mmoja, kwa wiki kadhaa, aende hospitali hata kama picha yake inang'aa. Aanze na vipimo rahisi: presha, wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo. Upungufu wa damu peke yake unatosha kumfanya mtu asikie mapigo, na ni wa kawaida kuliko glomasi kwa mbali sana. Kuna jaribio dogo la nyumbani pia: funga mdomo uimbe “mmmm” kwa sauti nzito. Ukiisikia sauti hiyo ya “mmmm” zaidi upande mmoja, na upande huo ndio usiosikia vizuri, kuna kitu kinachozuia sauti kupita, iwe nta, majimaji au uvimbe.

Dalili za kutosubiri: sauti imeanza kukwaruza, mtu anapaliwa na maji, uso umelegea upande mmoja, ulimi unapinda ukitolewa. Hizo zinaonyesha neva za chini ya fuvu zimeguswa. Na mwenye kutokwa jasho la ghafla, moyo kwenda mbio na presha inayopanda kwa vipindi aseme waziwazi. Wachache wenye uvimbe huu, kama 1 hadi 3 kati ya 100, uvimbe wao unamwaga homoni, na hao lazima wapimwe metanefrini (mabaki ya homoni hizo) kwenye damu au mkojo wa saa 24 kabla ya nusu kaputi, la sivyo presha inaweza kulipuka kwenye meza ya upasuaji.

Kwa aliye Tanga njia inaanzia zahanati au kituo cha afya, inapanda hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo rufaa huandikwa kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, ambako kuna idara za masikio, pua na koo. Karatasi ya kipimo isomeke CT ya mfupa wa panja, vipande vya milimita 1 au chini. CT ya kichwa ya kawaida, ya vipande vya milimita 5, inaweza kuupita uvimbe mdogo bila kuuona, na ukarudi nyumbani na majibu kwamba kila kitu ni salama. Kinachotafutwa ni sakafu ya chumba cha sikio la kati. Ikiwa nzima, uvimbe ni ule mdogo uliobaki chumbani. Ikiwa imeliwaliwa kingo zake kama nguo iliyoingiwa na nondo, umetoka chini. MRI hufuata, na huko uvimbe mkubwa huonekana na madoadoa meupe na meusi kama chumvi na pilipili manga. Omba CD ya picha pamoja na majibu, maana daktari wa pili hasomi karatasi, anasoma picha.

Kinachofuata kinategemea ukubwa, ambao hupangwa kwa herufi A hadi D. A umekaa sikio la kati tu na hutolewa kupitia mfereji au kwa kupasua nyuma ya sikio. D umeingia ndani ya fuvu. Mikubwa huzibwa mishipa yake kwanza kwa mrija unaopitishwa kwenye ateri, siku moja hadi tatu kabla ya upasuaji. Mionzi nayo hutumika, na inausimamisha uvimbe usikue bila kuuondoa. Kwa mzee ambaye haumsumbui, kupiga MRI kila mwaka na kuangalia ni tiba halali, na watu wa nyumbani wasidhani ametelekezwa. Ulizeni pia kwenye ukoo kama kuna aliyekuwa na uvimbe wa shingo au sikio. Baadhi hurithiwa, na aina moja huwapata wale walioirithi kwa baba.

Kununua au kutonunua

Kwa duka la dawa, kituo cha afya au nyumba yenye mtoto wa masikio ya mara kwa mara: nunua ya waya, tupa vijiko siku hiyohiyo. Kwa nyumba yenye mtu ambaye hawezi kuona sikio bila kulichokoa (kila nyumba ina mmoja), usinunue.

Video ya kumpelekea daktari usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa na rangi inabadilika. Itume kama faili. Anza na sikio zima ndipo uende kwenye bovu, na pangusa ncha katikati. Na kwa kuwa programu nyingine hugeuza picha kulia ikawa kushoto, kabla ya kuingiza kijiti sema kwa sauti huku unarekodi: “sikio la kulia”, au “sikio la kushoto”, kisha rekodi uso mzima wa mwenye sikio kwa sekunde mbili.